Pushkin Asingojee Sarufi

Wapo wanaoshikilia kwamba mwanafunzi wa Kirusi asiguse ushairi wa Pushkin kabla ya kuihitimu sarufi. Hoja hii ni dhaifu. Maandishi ya kawaida ya Kirusi hayaonyeshi mkazo, wala mkazo huo hauna makao maalumu kama wetu wa Kiswahili. Neno zamok likikazwa mwanzoni ni kasri. Likikazwa mwishoni ni kufuli. Gazeti halimwambii msomaji lipi ni lipi. Katika beti za Yevgeny Onegin (1833), ambamo silabi ya nane ya mshororo haikosi mkazo, mizani yenyewe humwongoza. Watadai kwamba mshairi huupindua mpangilio wa maneno. Naam, huupindua! Je, si hapo hasa viambishi tamati vya nomino hulazimika kumtenga mtenda na mtendwa?