Chiriku na Chembe Mpya za Ubongo

Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini, mabingwa wa tiba walifundisha kwamba mtoto huzaliwa na akiba ya chembe za ubongo ambayo, akishapita utoto, haiongezwi tena. Ngozi ikichubuka huota nyingine, mfupa uliovunjika huunga, na damu iliyomwagika hurudi baada ya majuma machache. Lakini chembe ya ubongo ikifa, imekufa. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kueleza umbile la neva, ndiye aliyelitia muhuri fundisho hilo. Kwa jamaa wa mgonjwa wa kiharusi lilikuwa kama hukumu isiyo na rufani.

Mwaka 1962 Joseph Altman, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliuliza kwa maandishi iwapo jambo hilo ni kweli. Njia yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Chembe hai yoyote inayojiandaa kugawanyika hufyonza kemikali iitwayo thimidini ili kunakili urithi wake. Altman aliwadunga panya thimidini iliyotiwa mionzi hafifu, kisha akatafuta mionzi hiyo katika ubongo wa panya wazima. Akaiona ndani ya chembe zilizofanana na neva. Hakubishiwa sana, alipuuzwa tu, na kwa mtafiti pengine hilo ni baya zaidi.

Aliyewalazimisha wakubwa kusikiliza alikuwa ndege. Chiriku wa manjano anayefugwa tunduni, ambaye ni jamaa wa karibu wa chiriku waonekanao mashambani Afrika ya Mashariki, haimbi mwaka mzima kwa ufundi ule ule. Katika nchi za baridi, siku zinapoanza kurefuka, dume huimba wimbo uliokamilika ili kumvuta jike. Majani yanapopukutika wimbo hulegea, na msimu ufuatao huwa na vipande vipya. Fernando Nottebohm, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alionyesha mwaka 1981 kwamba hata sehemu ya ubongo inayoongoza wimbo huo hubadilika: wakati wa kuchipua huwa karibu mara mbili ya ukubwa wake wa wakati wa kupukutika.

Mwaka 1983 yeye na mwanafunzi wake Steven Goldman walichagua chiriku majike, ambao kwa kawaida hawaimbi. Wengine waliwapa testosteroni, homoni ya kiume, wengine hawakuwapa. Wote wakadungwa thimidini ya Altman. Walipochunguza ubongo baada ya siku moja, chembe zenye mionzi zilikuwa zimejipanga kwenye kuta za vyumba vya maji vilivyomo ubongoni. Baada ya mwezi mmoja zilionekana mbali na hapo, katika sehemu ya wimbo, zikiwa neva. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwa sindano nyembamba za umeme kwamba neva hizo changa hushtuka ndege anaposikia sauti. Hazikuwa takataka, zilikuwa kazini.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipogeuka. Mtu angetazamia kwamba homoni huzidisha uzazi wa chembe. Haikuwa hivyo: majike wasiopewa homoni nao walizaa chembe mpya. Tofauti, kama ilivyobainika katika uchunguzi uliofuata, ni ngapi zilibaki hai. Ni kama kitalu cha mchicha: mbegu huota kwa wingi, lakini miche itakayosimama ni ile iliyofikiwa na maji.

Mfereji wa maji hayo nao ulifuatwa hatua kwa hatua. Mwaka 1999 watafiti wa maabara ya Nottebohm walionyesha kwamba testosteroni haiokoi chembe peke yake, bali kwa kupitia protini ijulikanayo kwa herufi BDNF, ambayo mwaka 1982 ilikuwa imetengwa kutoka ubongo wa nguruwe huko Ujerumani ya Magharibi. Walipoitia BDNF katika sehemu ya wimbo, neva mpya ziliongezeka hata bila homoni. Walipoizuia, homoni ilikosa nguvu. Mwaka 2002 Goldman na wenzake waliongeza kiungo kilichokosekana. Homoni ikifika, ubongo hutoa kwanza protini nyingine inayoamuru mishipa midogo ya damu ikue. Mishipa hiyo ikichipua, kuta zake ndizo zinazotoa BDNF, na chembe changa huifuata na kuweka makazi hapo. Watafiti walipoziba kipokezi cha amri ile ya kwanza, mishipa ilidumaa na neva mpya zikapungua, ingawa homoni ilikuwapo tele. Tarishi mmoja akikwama njiani, barua nzima haifiki.

Na mwanadamu je? Mwaka 1998 Peter Eriksson wa Göteborg, Sweden, akishirikiana na Fred Gage wa Marekani, alichunguza ubongo wa wagonjwa watano wa saratani waliokuwa wamepewa kemikali ya alama wakati wa matibabu. Baada ya kufariki kwao, neva mpya zilionekana katika hipokampasi, sehemu ihusikayo na kumbukumbu. Mwaka uliofuata maabara ya Gage ilitangaza kuwa panya waliopewa gurudumu la kukimbilia walipata neva mpya nyingi zaidi ya waliokaa tu. Tangu hapo wafanyabiashara wa vidonge vya kukuza ubongo hawajakosa la kutangaza. Mwenye fedha ya matumizi ya nyumbani afikiri mara mbili, kwani chembe za panya hazijibu swali la binadamu.

Swali hilo bado lina mabishano. Mwaka 2018 kundi la California lilitangaza kwamba katika ubongo wa watu wazima halikuona neva changa hata moja. Kiongozi wake, Arturo Alvarez-Buylla, ndiye yule yule aliyekuwa mmoja wa watafiti wa chiriku wa mwaka 1999. Mwaka ule ule kundi la New York likasema limeziona hata kwa watu waliokaribia miaka 80. Mwaka 2019 María Llorens-Martín na wenzake huko Madrid, mji aliofanyia kazi Cajal, walieleza kwamba ubongo ukikaa muda mrefu katika dawa ya kuhifadhia, alama za neva changa hufutika. Katika vipande walivyohifadhi kwa uangalifu walizihesabu kwa maelfu, hata kwa wazee waliopita miaka 80. Kwa waliokuwa na ugonjwa wa Alzheimer zilikuwa chache zaidi, na zilizidi kupungua kadiri ugonjwa ulivyokomaa.