TAARIFA YA TAWI: MUUGUZI AANDIKE MARA MOJA



Kwenye kikao cha Jumapili, mama mmoja mwanachama wetu alieleza alivyosubiri zahanati akiwa na mtoto mwenye homa. Muuguzi alikuwepo, dawa zilikuwepo. Lakini umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na uliporudi muuguzi akawa anahamishia kwenye kompyuta wagonjwa aliokwisha kuwaandika kitabuni.

Hatumlaumu muuguzi. Vitabu vya MTUHA vinajazwa kwa mkono: Na. 5 wagonjwa wa nje, Na. 6 wajawazito, Na. 12 wodi ya wazazi. Baadhi ya vituo vyenye mfumo wa GoT-HoMIS wa TAMISEMI vinaingiza tena taarifa kwenye kompyuta. Kazi ni moja, inafanywa mara mbili, na anayelipa ni mgonjwa kwa muda wake.

Msimamo wetu: vijaribiwe vishikwambi vya kuandikia kwa kalamu yake. Muuguzi aandike kwa mwandiko wake, kifaa kiugeuze kuwa chapa na kuupeleka kwenye mfumo. Vishikwambi si vigeni: vilitumika Sensa ya 2022, kisha vikagawiwa walimu.

Tunaweka masharti matatu:

*1. Mwandiko wa awali utunzwe.* Kifaa kikisoma mililita 0.5 kuwa 5, dozi imezidi mara kumi. Kwenye uhasibu, vocha haitupwi eti kwa sababu leja imeshajazwa. Anayesahihisha aweke jina na tarehe.

*2. Kifanye kazi umeme na mtandao vikikatika,* kisha kitume taarifa vikirudi. Masika ya Mbeya tunayajua.

*3. Siri ya mgonjwa ilindwe.* Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kurasa za wagonjwa zisipigwe picha kwa simu binafsi na kurushwa kwenye makundi.

Ndugu zetu, kamati za usimamizi wa vituo zina wajumbe kutoka kwetu wananchi. Tuwaulize: kituo chetu kinaandika mgonjwa mmoja mara ngapi? Majibu yaletwe tawini kabla ya kikao kijacho, tuyafikishe kwa diwani kwa maandishi.

Mgonjwa hana chama. Foleni ni yetu sote.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi, Mbeya