Furaha ya Mnyonge na Hasira ya Mcheza Kamari

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi 2024, Waislamu wa pwani walikuwa katika mwezi wa Ramadhani. Ilipopata saa nane na ushei, wakati watu huku waanza kupindukia na kuwaza daku, kule Pittsburgh, Marekani, jua lilikuwa halijachwa bado. Ukumbini humo chuo kimoja cha jimbo la Michigan, kiitwacho Oakland, kilikuwa kikiingia uwanjani kucheza mpira wa kikapu na Kentucky. Kentucky si jina dogo. Ni chuo kilichokwisha kutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 8. Oakland ni nani? Hata Wamarekani wengi waliulizana hivyo, na wengine wakadhani ni ule mji wa California.

Basi mchezaji mmoja wa Oakland, Jack Gohlke, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akichezea chuo cha daraja la pili, alisimama mbali na kikapu akatupa. Ukaingia. Akatupa tena. Kufikia mwisho alikuwa ametia mitupo 10 ya pointi tatu, na peke yake amepata pointi 32. Oakland 80, Kentucky 76. Kocha wa Oakland, Greg Kampe, alikuwa na chuo hicho tangu mwaka 1984, akingoja usiku kama ule. Mwenzake wa Kentucky, John Calipari, alisikia kelele za mashabiki wake mwenyewe wakitaka aondoke, na mwezi uliofuata kweli akaondoka, akaenda Arkansas.

Twayataja haya, ndugu wasomaji, kwa sababu ukurasa huu ni wa utamaduni, na utamaduni wa watu hauonekani katika ngoma na mavazi peke yake. Huonekana zaidi katika namna wanavyopokea ushindi na namna wanavyopokea kushindwa. Na katika nchi ile hakuna siku ambazo mambo hayo mawili hudhihirika kama zile mbili za duru ya kwanza ya mashindano ya vyuo, mwezi wa Machi, ambayo wenyewe wameyaita wazimu wa Machi. Jina hilo halikukosewa.

Kwa wasioyajua, mambo yake ni hivi. Mashindano yalianza mwaka 1939 kwa timu 8 tu, na bingwa wa kwanza alikuwa Oregon. Yakapanuliwa kidogo kidogo hata mwaka 1985 yakawa ya timu 64, na tangu mwaka 2011 ni timu 68, nyingine zikitangulia kucheza mechi za mchujo ili kupata nafasi. Timu hugawanywa kanda nne, na katika kila kanda hupewa nambari kutoka 1 hadi 16 kwa kadiri ya ubora wao. Wa 1 hucheza na wa 16, wa 2 na wa 15, na kuendelea. Ukishindwa mara moja, safari imekwisha. Hakuna marudiano, hakuna kuhesabu magoli ya ugenini. Hapo ndipo utamu ulipo, maana tajiri na maskini wakikutana mara kumi, tajiri atashinda tisa. Wakikutana mara moja, Mungu ndiye ajuaye.

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba wa 16 hawezi kabisa kumshinda wa 1. Upande wa wanawake jambo hilo lilitokea mwaka 1998, Harvard ilipoishinda Stanford 71 kwa 67, na inatuudhi kuona jinsi linavyosahauliwa kila mara. Upande wa wanaume, wa 1 walikuwa wamecheza na wa 16 mara 135 na kushinda zote 135. Ndipo tarehe 16 Machi 2018, mjini Charlotte, Virginia ikakutana na UMBC, chuo cha Maryland kilichosifika zaidi kwa mchezo wa sataranji kuliko kikapu. Virginia ilikuwa imeshindwa mechi 2 tu msimu mzima. Kipindi cha kwanza kikesha 21 kwa 21, na watu wakacheka kidogo, wakisema vijana wale wamejitahidi. Kipindi cha pili hawakucheka tena. UMBC 74, Virginia 54. Si ushindi wa kubahatisha wa pointi moja mwishoni, bali ni wa pointi 20 nzima!

Nchi nzima ilishangilia. Watu ambao asubuhi ile hawakujua herufi zile nne zasimamia nini walikuwa usiku wakizitaja kama jina la ndugu yao. Twaielewa furaha hiyo. Mnyonge anapompiga mwenye nguvu, kila aliyewahi kudharauliwa hupata fungu lake. Hata Lamu, zamani zile mtaa wa Mkomani na mtaa wa Langoni walipokuwa wakishindana kwa ngoma na mashairi, mtu alikuwa akishangilia kumwona aliyejivuna ametahayari. Hilo ni tabia ya binadamu, halina Marekani wala pwani.

Lakini kila shangwe ina upande wa pili wa meza. Upande huo walikaa vijana wa Virginia, wa miaka 19 na 20, ambao usiku mmoja waligeuzwa kichekesho cha nchi ya watu zaidi ya milioni 300. Mmoja wao, Kyle Guy, alieleza hadharani baadaye namna alivyokuwa akisumbuliwa na wasiwasi wa moyo, na jinsi kushindwa kule kulivyomwelemea. Kocha wao, Tony Bennett, alikaa mbele ya waandishi usiku ule ule akakiri kwamba wamezidiwa sawasawa, akawapongeza waliowashinda. Hakutafuta mwamuzi wa kumlaumu. Twamsifu kwa hilo. Makocha wetu wa kandanda, ambao hawajapata kushindwa ila kwa hila ya refa, wangefaa kuonyeshwa picha ile.

Mwaka uliofuata Virginia ikapewa tena nambari 1, ikakutana tena na wa 16, Gardner-Webb, na katika kipindi cha kwanza ikawa nyuma kwa pointi 14. Hebu wafikirie vijana wale wakati huo! Lakini walirudi wakashinda 71 kwa 56. Wakafika nusu fainali dhidi ya Auburn. Zikiwa zimesalia sehemu sita za kumi za sekunde moja, Virginia ikiwa nyuma kwa pointi 2, Kyle Guy yule yule akapewa mitupo 3 ya adhabu. Akatia yote mitatu: 63 kwa 62. Siku mbili baadaye, tarehe 8 Aprili 2019, wakachukua ubingwa kwa kuishinda Texas Tech 85 kwa 77 katika dakika za nyongeza.

Purdue nayo ilipitia njia kama hiyo. Mwaka 2023, ikiwa nambari 1 na mchezaji wake Zach Edey ana urefu wa futi 7 na inchi 4, ilishindwa 63 kwa 58 na Fairleigh Dickinson, timu iliyokuwa fupi kuliko zote za daraja la kwanza. Mwaka 2024 Purdue hiyo hiyo ilifika fainali.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuudhi hasa. Shangwe na masikitiko ya wapenda mchezo ni jambo moja, na hasira ya mcheza kamari ni jambo jingine kabisa, nayo imekuwa ikikua mwaka baada ya mwaka. Desturi ya zamani ya Wamarekani ni kujaza karatasi ya ubashiri kabla ya duru ya kwanza, kila mtu akitaja washindi wa mechi zote 63. Makarani hujaza, maprofesa hujaza, hata Rais Obama alikuwa akijaza mbele ya kamera. Aghalabu wafanyakazi wa ofisi moja huchanga dola kidogo, na mwenye kupata zaidi huzichukua. Kubahatisha zote sawasawa ni muhali, kwa kuwa njia za kuzijaza karatasi hizo ni nyingi hata hesabu yake huandikwa kwa tarakimu 19, ya kwanza ikiwa 9. Kwa hiyo mchana wa siku ya kwanza watu huwa tayari wamezichana karatasi zao, wanacheka. Kwa sheria ya dini yetu fedha ile ya mchango ni kamari na haina jina jingine, lakini angalau madhara yake yalikuwa yakiishia pale pale ofisini.

Mwezi wa Mei 2018, miezi miwili tu baada ya ushindi wa UMBC, Mahakama Kuu ya Marekani ilitangua sheria iliyokuwa imeyazuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo. Tangu hapo majimbo yakafuatana kuifungulia mlango. Na kamari ya sasa si ya kukisia nani atashinda tu. Mtu akiwa kitandani mwake, kwa simu, aweza kuwekea dau kwamba kijana fulani atapata pointi kadhaa au atadaka mipira kadhaa. Basi kijana yule, ambaye kazi yake ni kusoma na kucheza, amekuwa farasi wa watu asiowajua.

Matunda yake yalionekana mwisho wa wiki ya kwanza ya mashindano ya mwaka 2024. North Carolina iliishinda Michigan State 85 kwa 69, na mtu angedhani kwamba mchezaji wao mkubwa, Armando Bacot, angepokea pongezi tupu. Kumbe sivyo. Bacot aliwaambia waandishi kwamba amepokea risala zaidi ya 100 za kumtukana. Kisa? Hakudaka mipira ya kutosha kukidhi madau ya watu. Timu imeshinda, kijana kacheza vyema, na bado atukanwa na mtu aliye mbali kwa sababu ya hesabu ambayo hakuandikiana naye!

Hapa ndipo tunapoona hekima ya Qur'ani ilipoitaja kamari pamoja na ulevi, ikaeleza kwamba kwa hivyo viwili shetani hutaka kutia uadui na chuki baina ya watu. Baadhi yetu tulipokuwa chuoni tukidhani makatazo yale ni kwa ajili ya fedha zinazopotea tu. Fedha ni sehemu ndogo. Tazama chuki ilivyotokea kati ya watu ambao hawajapata kuonana, na pengine hawataonana.

Na asije mtu akasema haya ni ya Marekani, yatuhusu nini. Simu zile zile zimo mifukoni mwa vijana wetu, kutoka Vanga hadi Kiunga. Kamari imetoka gizani ikaja kukaa barazani baina ya vikombe vya kahawa, na mzazi aonapo mwanawe ameinama juu ya simu hajui kama asoma ama awekea dau timu ya Ulaya ambayo hata mji wake hawezi kuuonyesha kwenye ramani. Sisi wenyewe tumewahi kumsikia kijana, tena mtoto wa watu wenye heshima zao, akimlaani mlinda mlango wa nchi ya mbali kwa maneno yasiyoandikika hapa. Tulipomuuliza kosa la mlinda mlango yule, alijibu kwamba amezuia penalti. Yaani amelaaniwa kwa kufanya kazi yake.

Si haki tumalize bila kumtaja Adama Sanogo, kijana wa Mali aliyekuwa akichezea Connecticut. Katika mechi ya kwanza ya mwaka 2023, dhidi ya Iona, alipata pointi 28 na kudaka mipira 13. Siku chache baadaye Ramadhani ikaingia, naye akafunga huku mashindano yakiendelea. Connecticut ikatwaa ubingwa tarehe 3 Aprili kwa 76 kwa 59 mbele ya San Diego State, na Sanogo akatangazwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho. Magazeti ya huko yalishangaa kijana awezaje kucheza na kufunga. Waliosahau ni wao, maana Hakeem Olajuwon aliwaonyesha zamani. Lakini jiulize: kama Sanogo angechoka siku moja akapungukiwa mpira mmoja wa kudaka, wale wenye madau wangemwandikia nini, na saumu yake wangeitajaje?

Maoni yetu ni kwamba kamari ya mtu mmoja mmoja juu ya wanafunzi haifai hata kwa wale ambao dini zao au sheria zao zimewaruhusu kamari nyingine. Timu ni kitu kikubwa, chaweza kubeba lawama. Mwanafunzi ana jina moja, simu moja, na mama mmoja aisomaye simu hiyo. Charlie Baker, rais wa chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, alitoa wito mwezi huo huo wa Machi 2024 kwamba majimbo yote yaondoe madau ya namna hiyo. Wapo waliomcheka, wakisema mlango umekwisha kuachwa wazi na ng'ombe wametoka. Hata hivyo ng'ombe wengine walirudishwa: katika mwaka huo Ohio iliyapiga marufuku, Louisiana pia, na Maryland, ambako ndiko kwao UMBC.