Jina la Bingwa Juu ya Ubao wa Kompyuta

Katika maduka ya kompyuta yaliyopangana kandokando ya Kampala Road na vichochoro vyake, mteja mwenye sare hakawii kukaribishwa. "Karibu, afande. Hii ndiyo ya mabingwa," muuzaji humwambia, akimwonyesha sanduku jekundu lenye jina la mchezaji mashuhuri. Mara nyingi afande huyo amekuja na fedha za mkopo. Kama ni mwanajeshi amekopa Wazalendo SACCO, na kama ni polisi amekopa Exodus, na makato yatauandama mshahara wake kwa miezi mingi. Nyumbani, katika kambi ya Mbuya au ya Nsambya, yupo kijana aliyemaliza Senior Six ambaye ameomba mashine ya masomo, lakini kwa sharti kwamba iwe ya gemu pia. Baba hajui gemu ni kitu gani, na mama watoto amekwisha uliza mara mbili kwa nini bei imepanda kiasi hicho. Basi jina lililoandikwa sandukuni ndilo linalomsaidia baba kukata shauri.

Yafaa kueleza jina hilo lilifikaje hapo.

Ndani ya kila kompyuta ya mezani umo ubao mpana ambao sehemu nyingine zote huchomekwa juu yake: prosesa, kumbukumbu, kadi ya picha na waya za umeme. Mafundi huuita ubao mama. Ubao huo ukiungua, mashine nzima huwa imekufa. Kwa miaka mingi waliojali ni nani ameutengeneza walikuwa mafundi na wapenzi wa ufundi peke yao, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida alitazama kioo na sanduku la nje.

Mnamo mwaka 1999 kijana mmoja wa Kansas City, Marekani, Johnathan Wendel, aliyezaliwa mwaka 1981, alianza kujipatia riziki kwa kushindana katika michezo ya kompyuta ya kulengana shabaha. Jina lake la uwanjani lilikuwa Fatal1ty, na herufi moja katikati aliibadilisha ikawa tarakimu 1. Alishinda sana. Mwezi Novemba 2005, mjini New York, alimshinda Mholanzi Sander Kaasjager katika fainali ya mashindano yaliyozunguka dunia, akatia mfukoni dola 150,000. Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa nje ya uwanja. Badala ya kuvaa fulana ya kampuni na kulipwa posho, alilifanya jina lake kuwa alama ya biashara, kisha akalikodisha kwa watengenezaji wa vifaa.

Wasomaji wa Uganda wataielewa habari hii kwa upesi wakifikiria viatu. Joshua Cheptegei, ambaye ni afisa wa polisi, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kule Monaco, Agosti 2020, kwa dakika 12 na sekunde 35.36, alikuwa amevaa viatu vya Nike. Dunia nzima iliviona viatu hivyo vikifanya kazi mguuni. Ubao mama hauna bahati hiyo, maana haujapata mtazamaji aliyeuona ubao ukimshindia Wendel mchezo. Mshindi alikuwa mkono wake na jicho lake, na ubao wowote mzima ungalimtosha. Kwa hiyo jina lililobandikwa juu ya ubao ni heshima iliyotoka mahali pengine, ikaja kuishi hapo kwa kodi.

Kampuni ya kwanza kuliweka jina hilo juu ya ubao mama ilikuwa Abit ya Taiwan, mwaka 2004. Hapa ndipo penye funzo, na inafaa kutua kidogo.

Abit ilianzishwa mwaka 1989, na heshima yake iliipata kwa kazi. Zamani fundi aliyetaka kubadili kasi ya prosesa alilazimika kufungua sanduku na kuhamisha vijipini juu ya ubao. Abit iliwarahisishia watu kwa kuiweka kazi hiyo kwenye kioo, ikafanyika kwa kubonyeza vitufe. Mwaka 1999 ilitoa ubao ulioitwa BP6, ulioweza kubeba prosesa mbili za bei nafuu kwa pamoja, jambo ambalo mwenye prosesa hizo, Intel, hakulikusudia. Wapenzi wa ufundi walishangilia. Sifa ya Abit ilitoka vinywani mwao, bila bingwa yeyote.

Kisha yakaja mambo mawili. La kwanza lilikuwa kapasita. Hivi ni vijipipa vidogo vinavyosimama kuzunguka prosesa na kuulainisha umeme. Kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na miaka ya kwanza ya 2000, kapasita nyingi zilizotoka viwandani huko Asia zilikuwa na maji mabaya ndani. Zikavimba, zikapasuka na kuvuja. Abit ilikuwa miongoni mwa waliopatwa, na haikuwa peke yake. Dell, kampuni kubwa kuliko Abit mara nyingi, ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya kutengeneza kompyuta zake za ofisi za aina ya OptiPlex. La pili lilikuwa watu. Mhandisi Oskar Wu, ambaye wapenzi wa ufundi walimjua kwa ubao wa Abit ulioitwa NF7, alihamia kampuni ya DFI, na wanunuzi waliojua wakamfuata huko. Mwishoni mwa mwaka 2004 zikazuka pia habari za kasoro katika hesabu za Abit.

Kwa hiyo yule aliyeijengea nyumba sifa alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma, naye bingwa akaingia kwa mlango wa mbele na taa nyekundu. Kwa haki, mbao hizo za Abit zenye jina la Wendel hazikuwa mbovu. Zilikuwa na feni za ziada za kupoza, na mpangilio wake ulifikiriwa vizuri. Lakini ugonjwa wa kampuni hautibiwi kwa taa. Mwaka 2006 kazi ya kutengeneza mbao hizo iliuzwa kwa kampuni nyingine ya Taiwan, USI, na mwishoni mwa Desemba 2008 ikafungwa kabisa.

Jina la Wendel halikufa pamoja na Abit. Lilikuwa limekwisha panga katika nyumba nyingine: kadi za sauti za Creative ya Singapore, na vifaa vya umeme vya OCZ ya Marekani, ambayo nayo ilifilisika mwaka 2013. Na kufikia mwaka 2011 lilikuwa limerudi kwenye ubao mama, safari hii kwa ASRock.

Habari ya ASRock ni kinyume cha ile ya Abit. Ilianza mwaka 2002 ikitokana na ASUS, na ilijulikana kwa mbao za bei rahisi, zile ambazo muuzaji huzitoa mwisho baada ya mteja kulalamika. Ilihitaji kupanda ngazi, na jina la bingwa lilikuwa ngazi nzuri. Pamoja na jina iliongeza jambo la kweli: tundu la kuchomeka kipanya ambalo mchezaji aliweza kulibadilishia kasi ya kupokea mwendo wa mkono, kutoka mara 125 hadi mara 1,000 kwa sekunde. Mwaka 2018, ilipoona watu wamekwisha izoea, ASRock ilianzisha jina lake yenyewe la michezo, Phantom Gaming.

Turudi Kampala. Baadhi ya mbao hizi za kale hufika zikiwa zimetumika ng'ambo, kama zifikavyo nguo za mivumba, na ubao wa mwaka 2011 wenye jina la bingwa waweza kusifiwa leo kama wa jana. Muuzaji huenda hasemi uongo, maana jina ni la kweli. Lakini kapasita za maji huzeeka kwa joto, na kwa kadiri joto linavyozidi nyuzi 10 maisha yake hupungua karibu nusu. Mashine iliyofungiwa katika chumba kimoja chenye bati, vumbi likiwa limeziba feni na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huzeeka kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa huko ilikotengenezwa.

Afande na aombe kifuniko kifunguliwe kabla ya kutoa hata shilingi. Vijipipa vilivyo karibu na prosesa viwe bapa juu. Kilichotuna kama tumbo, au chenye kutu ya kahawia miguuni, kimekwisha. Kisha asome namba ya aina ya ubao, ambayo huchapwa juu ya ubao wenyewe, si sandukuni. Namba hiyo ndiyo humwambia fundi ubao ni wa mwaka gani na unakubali prosesa zipi. Kwa ubao wa ASRock, kampuni bado ipo, na programu zake za kurekebisha ubao hupatikana kwake. Kwa ubao wa Abit hapana mtu wa kuulizwa tangu mwaka 2008, hata kama taa zake nyekundu bado zinawaka. Mwisho, adai risiti yenye namba hiyo, tarehe, muda wa dhamana na muhuri wa duka. Muuzaji akisema dhamana ni ya mdomo, bei nayo ishuke papo hapo, au fedha zirudi kambini.