Acheni Kuitetea Balbu ya Njano

Juzi kwenye matanga, huku Kitete, Tabora, wanaume tumekaa chini ya turubai tukisubiri chai, mazungumzo yakaangukia kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla. Mzee mmoja mstaafu, mtu anayesikilizwa mtaani, akasema: "Hizi taa nyeupe za LED ni ujanja wa wafanyabiashara. Mimi nimerudisha balbu za njano nyumba nzima. Elfu moja tu, inawaka, basi." Watu wakaitikia, hata vijana waliosoma fizikia sekondari. Msibani si mahali pa kubishana na mkubwa wako, nikanyamaza. Lakini jambo hili linawatoa watu pesa mfukoni kila mwezi, kwa hiyo leo nalisema. Mzee wangu, shikamoo, hesabu yako si sahihi.

Chukua nyumba ya kawaida ya hapa kwetu: vyumba vitatu na sebule, balbu nne za wati 60, kila moja inawaka saa tano kwa usiku. Kwa mwezi hizo nne zinakula uniti 36. Nje weka balbu ya wati 100, kwa sababu ya wezi, inayowashwa magharibi na kuzimwa alfajiri. Hiyo peke yake ni uniti 36 nyingine. Jumla 72, na hujawasha redio.

Sasa kumbuka bei tulizowekewa na EWURA, mdhibiti wa bei za umeme, tangu 2016. Mwenye matumizi madogo, kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti inayozidi ni shilingi 350, na kodi bado haijawekwa. Balbu za njano zimeshamlia uniti 72 katika hizo 75. Runinga, friji na pasi zikitaka uniti 40, mwezi unafika 112, na hizo 37 za juu zinalipiwa kwa bei ya 350. Piga mwenyewe: shilingi 20,450. Nyumba hiyohiyo ikiweka LED za wati 9 ndani na wati 15 nje, taa zote hazifiki uniti 11. Ukijumlisha na vile vyombo unapata 51, kwa shilingi 100 kila moja, yaani 5,100. Tofauti ni shilingi elfu kumi na tano na ushee, kila mwezi, kwa watu walewale, mwanga uleule. Halafu mtu anasimama kujisifu kwamba ameokoa elfu mbili dukani!

Bei ya balbu huilipi dukani, unailipa kwenye mita. Narudia: unailipa kwenye mita. Hata hiyo elfu moja huilipi mara moja, maana balbu ya njano imetengenezwa kudumu saa 1,000 hivi. Ile ya nje, inayowaka saa 12 kila usiku, haifikishi miezi mitatu kabla hujarudi dukani.

Na umeme wote huo unaishia wapi? Wafugaji wa kuku wanajua kuliko wasomi. Vifaranga wakitoka, unawawekea balbu gani? Ya njano. Kwa nini? Wapate joto. Hapo hakuna anayedanganyika kwamba ananunua mwanga. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme unaoingia kwenye balbu ile zinatoka kama joto. Kwa vifaranga ni sawa kabisa, waacheni nayo. Lakini mtu mzima kuning'iniza jiko darini mwezi wa kumi, Tabora hii na joto lake, ni kujitesa na kulipia mateso yenyewe.

Wanaoumizwa zaidi ni wapangaji. Nyumba nyingi mjini hapa zina mita moja kwa vyumba vitano au sita. LUKU ikikaribia kuisha mnachanga sawa kwa sawa, mmoja anaingiza zile tarakimu 20, mita inalia, maisha yanaendelea. Dada wa chumba cha uani ana balbu ya wati 9, tena huizima akitoka. Jirani yake ana wati 100 inayowaka mpaka mchana, mlango umefungwa, mwenyewe yuko stendi. Wote wanatoa kiasi kilekile, na mita ikivuka 75 wote wanaingia kwenye shilingi 350.

Turudi kwenye "ujanja wa wafanyabiashara". Ujanja ulikuwepo kweli, lakini ulikuwa kwenye balbu ya njano. Desemba 1924, Geneva, makampuni makubwa ya balbu, Philips na Osram yakiwemo, yalikubaliana kwamba balbu isidumu zaidi ya saa 1,000, na kampuni ambayo balbu zake ziliishi zaidi ilitozwa faini. Hiyo ndiyo balbu unayoitetea. Na anayesema LED ni kitu cha kuletwa aniambie balbu ya njano ilichimbwa Urambo au Sikonge. Hata miembe tunayojivunia Tabora ilifika na misafara kutoka pwani. Mji huu haujawahi kukataa kitu chema kwa sababu kimetoka mbali.

Wengine wanasema mwanga mweupe unaumiza macho. Basi soma boksi! LED yenye maandishi 2,700K au 3,000K inatoa mwanga wa njano uleule uliouzoea. Zebaki? Hiyo imo kwenye zile zilizosokotwa za zamani na kwenye tyubu ndefu, na nchi za Afrika ndizo zilizosukuma zipigwe marufuku chini ya Mkataba wa Minamata. LED haina zebaki.

Kinachonikera kweli ni LED feki. Nimenunua moja, boksi limeandikwa miaka kadhaa, ikaanza kupepesa kabla mwezi haujaisha. Nilipoirudisha, muuzaji akaniambia umeme wa Tabora ndio mbovu. Shirika la viwango, TBS, wapite madukani, wakamate mzigo huo, kwa sababu kila balbu feki inayoungua inamrudisha mtu kwenye balbu ya njano na shilingi zake 350.

Wewe msomaji usisubiri. Dai risiti yenye muda wa dhamana, mwambie muuzaji aijaribu mbele yako, iache iwake kidogo kabla hujalipa. Kama huna pesa ya kubadili zote, anza na ya nje, maana hiyo ndiyo inayokesha. Na ninyi wenye nyumba wa Kitete, nunueni balbu za korido na za uani ninyi wenyewe, ziwe LED, kabla hamjapandisha kodi ya chumba tena.