Mjane wa Ikkoku na Mpangaji wa Chumba cha 5

Siku moja, katika saa ya hesabu, nilimwona mwanafunzi mmoja wa darasa la juu ameinamisha kichwa kwa muda mrefu kupita desturi. Nilimwendea polepole, nikanyosha mkono, naye akanipa kitabu bila kubisha. Kilikuwa kitabu cha picha cha Kijapani kilichotafsiriwa kwa Kifaransa, nacho kilikuwa kimechakaa kwa kupita katika mikono ya wengi. Nilikifungia katika meza yangu, nikamwambia, "Utakichukua Jumamosi." Akajibu kwa adabu, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini nakuomba ukisome kwanza, ndipo unihukumu."

Neno lile lilinichoma. Maana mwalimu anayehukumu kitabu asichokisoma hana tofauti na mwanafunzi anayejibu swali asilolisikia. Basi jioni ile niliwasha taa, nikasoma. Nilidhani nitakisoma nusu saa tu, niwe na hoja za kumwonya yule binti. Kumbe usiku ulinikuta bado nimekishika. Baadaye nilimwomba aniazime na vingine vilivyofuata, mpaka nikaimaliza hadithi yote. Leo napenda kuwaeleza niliyoyaona humo.

Kwanza tufahamiane juu ya jina. Wajapani huviita vitabu hivi manga. Kwa kawaida hadithi hutolewa sura moja moja katika gazeti la juma au la mwezi, kisha sura hukusanywa ziwe kitabu. Kurasa zake husomwa toka kuume kwenda kushoto, na picha nyingi ni za wino mweusi tu. Ziko manga za watoto, ziko za wasichana, ziko za watu wazima. Nyingine ni njema, nyingine ni takataka. Anayesema kwamba manga zote ni mamoja ni kama mtu aonjaye chungu kimoja sokoni, akahukumu mapishi ya mji mzima.

Tena tukubali kosa lililoenea katika vitabu vya mapenzi, viwe vya picha au vya maneno matupu. Kijana anamwona msichana, moyo unadunda. Mvua inanyesha, mwavuli ni mmoja. Mwishoni wanakiri kwamba wanapendana, na hapo kitabu kinafungwa. Humo hakuna anayelipa kodi ya nyumba. Hakuna anayeshindwa mtihani, hakuna anayefiwa, wala hakuna mzazi mwenye neno la kusema. Kijana akilelewa kwa hadithi za namna hiyo, siku atakapoyakuta maisha yenyewe atafikiri amedanganywa, na kweli amedanganywa.

Hadithi niliyoisoma si ya namna hiyo. Jina lake ni Maison Ikkoku, na mwenye kuiandika na kuichora ni mwanamke, Rumiko Takahashi, aliyezaliwa mwaka 1957 huko Niigata. Ilianza mwaka 1980 katika gazeti la Big Comic Spirits, ikamalizika mwaka 1987, nayo ina sura 161 katika vitabu 15. Baadaye ikawa filamu ya televisheni yenye vipindi 96, toka mwaka 1986 hadi 1988. Wenye kujua Kifaransa huenda wakaikumbuka kwa jina la Juliette je t'aime, maana ndivyo televisheni ya Ufaransa ilivyoiita, na mwanamke mwenyewe akabatizwa Juliette, na mwanamume akaitwa Hugo. Mwaka 2019 mji wa Angoulême, ambako wachoraji wa vitabu vya picha hukusanyika, ulimpa Bibi Takahashi tuzo yake kuu.

Mambo yenyewe ni haya. Katika mtaa mmoja wa Japani imesimama nyumba kuukuu ya mbao, yenye mnara wa saa, nayo inaitwa Ikkoku. Ni nyumba ya kupanga. Katika chumba cha 5 anakaa kijana Godai, aliyeshindwa mtihani wa kuingia chuo kikuu na anayejitayarisha kuujaribu tena. Majirani hawampi nafasi ya kusoma: kila usiku wanaingia chumbani mwake, wanakunywa, wanaimba. Siku ile anapofunga mizigo yake ili ahame, anafika msimamizi mpya wa nyumba. Ni mwanamke kijana aitwaye Kyoko Otonashi, amekuja na mbwa wake. Godai anamtazama, na ule mzigo unafunguliwa tena.

Lakini Kyoko ni mjane. Alimpenda mwalimu wake wa shule, Soichiro, wakaoana, na kabla ndoa haijatimiza mwaka, mume akafa. Nyumba ya Ikkoku ni mali ya baba mkwe wake, naye ndiye aliyempa kazi ile ili apate kitu cha kushika. Na yule mbwa? Kyoko anamwita Soichiro. Kila mara anapomwita mbwa ale chakula, jina la marehemu linasikika uani. Katika jambo hili dogo mwandishi ametueleza huzuni ya mjane kuliko kurasa mia za machozi.

Wasomaji wapenzi, nitawaonyesha mambo manne yaliyonifanya niseme kwamba mapenzi ya kitabu hiki ni ya kweli.

La kwanza ni wakati. Katika hadithi nyingi mashujaa hawazeeki kamwe. Wako darasa lile lile miaka kumi. Hapa miaka inapita kama inavyopita kwetu. Majira yanabadilika, Kyoko anafagia majani mbele ya mlango, amevaa ile aproni yake yenye picha ya kifaranga. Mwaka unakwisha, mwingine unaanza. Godai anaingia chuo kikuu, tena si chuo chenye sifa, kisha anakimaliza. Yule kijana wa sura ya kwanza hangeweza kuwa mume wa mtu. Mtu wa sura za mwisho anaweza. Upendo wake haukushuka toka juu kama radi. Ulikua kama mgomba, jani baada ya jani.

La pili ni kazi na fedha. Godai alipokaribia kumaliza masomo alipata kazi, lakini kampuni ile ikafilisika kabla hajaanza. Alifanya kazi ya kulea watoto wadogo, nayo ikamponyoka. Akaishia katika nyumba ya starehe ya usiku, na huko, kumbe, akawa mlezi wa watoto wa wanawake waliofanya kazi pale. Wengine wangeona aibu tupu. Yeye aligundua kwamba watoto wanampenda, na kwamba hiyo ndiyo kazi yake. Akasoma usiku, akapata cheti cha ulezi. Wakati huo wote alikuwa na neno la kumwambia Kyoko, lakini alilizuia, kwa sababu hakutaka kumposa mwanamke huku mikono yake ni mitupu. Vijana wetu wanaohangaika kwa ajili ya mahari wataelewa uchungu huo bila kufafanuliwa.

La tatu ni mshindani wake. Katika vitabu vibaya mshindani ni mtu mwovu, ili msomaji asisumbuke kuchagua. Hapa mshindani ni Bwana Mitaka, mwalimu wa mchezo wa tenisi: ana fedha, ana gari, ana uso mzuri, tena ni mtu wa heshima anayempenda Kyoko kweli. Kosa lake kubwa ni kwamba anaogopa mbwa, na mbwa yuko mlangoni pa Ikkoku kila siku! Tunamcheka, lakini hatumchukii. Kyoko anasitasita kati ya wawili, na kusita kwake si ujanja. Ni hofu ya mtu aliyekwisha kufiwa mara moja.

La nne, nalo ndilo kubwa, ni marehemu. Godai hashindani na Mitaka tu. Anashindana na mtu asiyeweza kukosea tena. Aliye hai anachelewa, anadanganya, analewa. Aliyekufa anabaki mwema siku zote. Wazazi wa Kyoko wanamhimiza aolewe tena, naye anakataa, maana anaona kwamba akimpenda mwingine, machozi yake ya zamani yatakuwa uongo. Je, hilo ni jambo la Wajapani tu? Mimi sidhani.

Hadithi inajibu swali hilo makaburini. Karibu na siku ya arusi Kyoko anakwenda kwenye kaburi la Soichiro, anamkuta Godai amekwisha tangulia, anazungumza na marehemu peke yake. Hamwombi aondoke katika moyo wa Kyoko. Anamwambia kwamba Kyoko aliyempenda tangu siku ya kwanza alikuwa tayari na Soichiro ndani yake, na kwamba atampokea pamoja na kumbukumbu hiyo. Kyoko anasikia yote. Naye, alipokubali posa, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: kwamba mume huyu aishi walau siku moja kuliko yeye, asiachwe tena peke yake. Hakuna dhahabu katika ombi hilo, wala maua. Mwanamke aliyelala matanga peke yake ndiye awezaye kuomba hivyo.

Nisije nikasifu kupita kiasi. Kitabu kina ulevi mwingi unaochekewa, na mara kwa mara michoro na mizaha isiyofaa watoto wadogo. Mimi singekiweka mikononi mwa mtoto wa shule ya msingi. Tena Godai ana kosa zito: kwa miaka anamwacha binti mmoja, Kozue, aamini kwamba ni mchumba wake, kwa sababu hana ushujaa wa kumwambia neno moja la wazi. Upole wa namna hiyo ni ukatili uliovaa nguo safi. Nusu ya matatizo ya Ikkoku yanatoka hapo, na katika ile simu ya nyumba inayopokewa na asiyestahili kuipokea. Leo kila kijana ana simu yake mkononi, na bado hatuambiani kweli. Kosa halikuwa la simu.

Kwa haki nitasema pia kwamba anapokwenda kufanya mazoezi ya ualimu katika shule ya wasichana, na mwanafunzi mmoja akaanza kumfuata kwa mapenzi, Godai hamtumii vibaya. Sisi walimu tuisome sehemu hiyo mara mbili.

Kama mnatafuta nyingine kwa vijana wa umri wa shule, iko Kimi ni Todoke ya Karuho Shiina, iliyomalizika mwaka 2017 ikiwa na vitabu 30. Ni habari ya msichana Sawako, ambaye wenzake wanamwogopa kwa sababu anafanana na mzuka wa filamu, na kijana anayemsalimu kama mtu. Uzuri wake ni kwamba hawa wawili wanaambiana mapenzi yao kabla hadithi haijafika mwisho. Kisha ndipo wanaanza kujifunza kazi ngumu zaidi: kusema wanalotaka, kuvumiliana, kuchagua masomo yanayowatenga.

Jumamosi ilipofika yule binti alikuja kuchukua kitabu chake. Nikamwuliza, "Mwanangu, kwa nini ulitaka nisome?" Alinyamaza kwanza. Halafu akasema, "Mwalimu, unajua kwamba baba yangu alikufa. Sasa yuko mtu mwema anayetaka kumwoa mama. Mimi sikusema naye neno muda wa miezi miwili. Niliona kwamba mama amemsahau baba." Nikamwuliza, "Na sasa?" Akakifungua kitabu kingine alichokuwa nacho, cha mwisho, penye picha za makaburini, akasema, "Jana nilimpikia chai yule mtu. Nilimwonyesha pia picha ya baba iliyo ukutani. Aliitazama sana, akaniuliza baba alikuwa mtu wa namna gani."

Sikuwa na la kuongeza. Nilimrudishia kitabu chake, nikamwonya tu kwamba saa ya hesabu ni ya hesabu.

Basi, wazazi, mkimkuta mtoto amekishika kitabu cha picha, msikichane kabla hamjakifungua. Ketini naye, mwulizeni: watu hawa wanafanya kazi gani? Wanapokosana wanasemaje? Wafu wao wako wapi? Na baada ya arusi kuna nini? Kitabu kisichoweza kujibu hata swali moja ni cha kuwekwa kando. Kinachojibu, kisomeni pamoja. Na ninyi wanafunzi, kabla hamjamwambia mtu kwamba mnampenda, jiulizeni kama mko tayari kumpokea pamoja na machozi aliyokuja nayo.

Tuonane juma lijalo.

Mwalimu wenu