Taifa linauliza, mwanafunzi analipa!

NDUGU msomaji, mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, alikuwa akitengeneza askrimu na wenzake. Jina lake Erasto Mpemba. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingie kwenye jokofu. Lakini nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ya kugombea. Mwenzake mmoja akaamua kutochemsha kabisa, akawahi. Mpemba naye akaona akingoja yapoe atakosa sahani, akayaingiza yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu wakarudi: ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji mzito!

Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, akachekwa tena, mpaka fizikia hiyo ikaitwa fizikia ya Mpemba. Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado Chuo Kikuu Kishiriki. Mpemba akainua mkono akauliza lile lile. Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanyike katika maabara yake, na mwaka 1969 majina yao wote wawili yakatoka katika jarida la Physics Education la Uingereza. Mpaka leo wanafizikia wa dunia wanabishana juu ya jambo hilo, na wanaliita kwa jina la Mtanzania.

Sasa tujiulize, swali lile liligharimu nini? Maziwa, sukari, jokofu, na msomi mmoja mwenye maabara na masikio. Hakuna aliyemwambia Mpemba kwamba akitaka kujua jambo, basi akope.

Tumeanza huko kwa sababu Mkwawa ile ile, tangu mwaka 2005, ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, na vyuo vya umma vimeenea mikoani. Katika shahada nyingi mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hamalizi mpaka afanye utafiti na kuandika ripoti. Si hiari, ni lazima. Je, fedha za utafiti huo anazipata wapi?

Mlango wa kwanza anaoonyeshwa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Katika orodha ya mambo ambayo Bodi inakopesha kuna chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya vitivo, mafunzo kwa vitendo, na kuna utafiti. Hongera! Lakini rudia kusoma neno lile: INAKOPESHA. Maana yake ni kwamba Serikali ya CCM inauweka utafiti katika kapu moja na sahani ya ugali na godoro la bweni. Ni starehe ya mwanafunzi, akimaliza atailipa. Na atailipa kweli, kwa sababu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 mshahara wake unakatwa asilimia 15, wakati zamani mikataba ilisema asilimia 8. Tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na kwa hilo tunatoa shukrani bila kinyongo. Deni lenyewe lipo pale pale.

Hebu tuchukue mfano. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Ni fangasi wanaoota kwenye nafaka iliyohifadhiwa vibaya, wanaacha sumu inayoua ini, na ukipika ugali sumu haiondoki. Waliokufa hawakuwa waheshimiwa. Walikuwa wakulima na watoto wao, waliokula walichovuna.

Tuseme mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa wilaya ya Chemba, anataka kurudi kwao kutazama kaya mia moja zinavyokausha na kuhifadhi mahindi leo, miaka hii yote baada ya msiba ule. Kirangi anakijua. Anajua mama gani aulizwe na saa ngapi, anajua ghala linafichwa wapi mgeni akija. Hakuna mtaalamu wa kigeni, hata aje na magari sita, atakayepata anachoweza kupata kijana huyu. Swali analouliza si lake. Ni la taifa!

Mtazame sasa anavyohangaika. Ili akopeshwe ilibidi, kabla hata hajakanyaga chuo, alipe ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa sh. 30,000, na hairudishwi. Cheti cha kuzaliwa kithibitishwe RITA. Kama baba amefariki, cheti cha kifo nacho kithibitishwe. Fomu ipigwe mhuri na Mwenyekiti wa Kijiji au wa Mtaa, kisha iende kwa hakimu au wakili. Asiye na simu nzuri aende steshenari alipie kila ukurasa unaoingizwa kwenye mtandao. Yaani maskini anatakiwa kununua ushahidi wa umaskini wake! Ndugu zetu wengi wameishia hapo hapo, kwenye kaunta ya steshenari, wakihesabu sarafu.

Amefika mwaka wa tatu. Fedha ya kujikimu ni sh. 10,000 kwa siku, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka sh. 8,500, na hiyo ni ya kula na kulala. Kwenda Chemba anahitaji nauli ya basi, kisha bodaboda ya vijijini. Anahitaji barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka huko kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa Mtendaji wa Kata, kisha kijijini, na kila ofisi ina siku ambayo mwenye mhuri amesafiri. Anahitaji kutoa nakala za hojaji. Anahitaji kupima sampuli za mahindi maabara, maana sumukuvu haionekani kwa macho wala haipimwi kwa maneno. Na kama bumu limechelewa, kalenda ya chuo haichelewi. Tarehe ya kukusanya ripoti ni ile ile.

Basi anafanya nini? Anafanya anachofanya mtu yeyote mwenye akili: anabadilisha swali. Badala ya sumukuvu Chemba anaandika juu ya maoni ya wanafunzi wenzake kuhusu huduma za kantini. Mipaka ya utafiti wake inaishia kituo cha mwisho cha daladala. Msimamizi anajua, mkuu wa idara anajua, kila mtu anajua, na ripoti inapigwa mhuri na kuwekwa kabatini.

Na yule asiyeweza hata hilo? Msomaji uliyewahi kupita jirani na vyuo vyetu unavijua vibanda ambako mtu anaandikiwa ripoti nzima, kuanzia dibaji hadi majedwali, kwa bei ya maelewano. Waheshimiwa wakisikia haya wanapanda jukwaani kuwakemea vijana kwa uvivu na kukosa maadili. Ni kweli, kununua ripoti ni wizi, hatutetei. Lakini huwezi kumnyima mtu jembe, ukamdai gunia, halafu ukashangaa amekwenda kununua gunia sokoni.

Serikali itajibu, kama kawaida yake, kwamba mifuko ya utafiti ipo. Naam, ipo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake kuna mfuko uitwao MTUSATE. Lakini mfuko huo umeelekezwa zaidi kwa watafiti wa taasisi na kwa wanaosomea shahada za juu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapo ni mpita njia. Vyuoni nako, miradi ya wafadhili huwa na vifungu vya kuwachukua wanafunzi wachache, na habari zake husambaa kwa minong'ono. Anayekaa karibu na profesa anasikia, anayekaa nyuma ya darasa anakuja kusikia wenzake wameshasafiri.

Itajibu pia kwamba fedha hazitoshi. Hapo ndipo tunapotaka kusimama kidogo. Mwaka 2021 nchi yetu ilichukua mkopo wa dola milioni 425 za Marekani kutoka Benki ya Dunia kwa ajili ya mradi wa elimu ya juu uitwao HEET. Majengo yanapanda, maabara zinajengwa, wahadhiri wanapelekwa masomoni. Hatupingi maabara. Tunauliza nani atamlipia mtoto wa mkulima gharama za kuitumia? Vile vile, Januari 2007 kule Addis Ababa wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana kuhimiza kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Waziri atuambie tumefika asilimia ngapi, na katika hiyo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ametengewa senti ngapi.

Tufanye hesabu ya darasa la nne. Wanafunzi 2,000 nchi nzima, kila mmoja apewe sh. 500,000 za utafiti, si mkopo bali ruzuku. Jumla ni sh. bilioni moja. Sisi tunaoandika haya wengine hatukuvuka sekondari, lakini kodi tunalipa kila tunaponunua sukari na vocha, na hesabu hiyo tunaiweza. Bilioni moja inanunua mashangingi mangapi? Watuambie wanaoyapanda.

Na wenzetu wamelifanya jambo hili zamani. Mwaka ule ule wa 1969 ambao jina la Mpemba lilitoka kwenye jarida, chuo cha MIT kule Marekani kilianzisha mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa maprofesa wao. Mwanafunzi anatafuta profesa, wanaandika pamoja andiko fupi la kazi, na anaweza kulipwa au kuhesabiwa alama za masomo. Sisi tulikuwa na kijana mwenye swali kabla yao. Wao wakajenga utaratibu, sisi tukabaki na hadithi ya kusimulia wageni.

Kwa hiyo tunadai. Kifungu cha utafiti kitolewe kwenye deni la mwanafunzi. Kila chuo cha umma kiwe na mfuko wenye fomu isiyozidi kurasa mbili, na mwombaji aruhusiwe kuijaza kwa Kiswahili, maana sumukuvu ya Chemba haizungumzi Kiingereza. Tangazo libandikwe mwezi mzima kabla, mahali ambapo kila mtu anapita, pamoja na vigezo na alama za kila kigezo. Majina ya waliopata na alama zao yabandikwe hapo hapo, na aliyekosa aandikiwe kwa nini amekosa. Fedha ifike kabla ya safari, siyo baada ya ripoti. Na wanaopitisha maombi wasiwe wale wale wanaosimamia waombaji, maana hapo ndipo ujamaa wa mjomba na binamu unapozaliwa.

Wakati tunasubiri hayo, wewe kijana uliye chuoni usikae. Mfuko wowote unaousikia, hata mdogo, omba. Swali lako liandike kwa sentensi moja ambayo mama yako angeielewa. Ukishindwa, bado hujalipata. Eleza nani ataathirika kama jibu halikupatikana. Bajeti yako iwe ya kweli: nauli kwenda na kurudi, siku za kulala, nakala, vipimo vya maabara, chakula cha anayekuongoza kijijini. Usitie sifuri za ziada ukidhani watakata, kwani ndivyo maombi mazuri yanavyotupwa. Usiandike pia kwamba utafanya kila kitu bure ili uonekane mzalendo, kwani msomaji wa fomu atajua hujawahi kufika unakokwenda. Anza barua za vibali mapema, kabla ya fedha, kwa sababu mihuri ndiyo inayokula wiki. Mwombe msimamizi akuandikie barua yenye jina lako na swali lako, siyo ile ya jumla anayompa kila mtu. Na nakala ya kila ulichowasilisha, pamoja na tarehe uliyoipeleka na jina la aliyeipokea, ibaki mikononi mwako.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili, na mwaka wa fedha huanza Julai Mosi. Wabunge wa upinzani tunawataka wasimame na swali moja lenye takwimu, kwamba katika kila chuo cha umma, mwaka wa fedha uliopita, ni wanafunzi wangapi wa shahada ya kwanza walipewa fedha za utafiti zisizo mkopo, kiasi gani, na kwa vigezo gani. Waziri asijibu kwa porojo za mchakato unaendelea.

Nawe msomaji uliyeomba fedha za utafiti ukanyimwa bila maelezo, au ukapewa wakati ripoti imeshakusanywa, tuletee nakala ya barua na ya fomu yako ofisini kwetu. Jina lako hatutalitoa. Tutazipanga kwa chuo na kwa mwaka, na tutamkabidhi mbunge kabla ya wizara hiyo kusoma bajeti yake.